Maua Aliyotupa Mama Bajia

Katika mtaa wa Kaloleni hakuna aliyekuwa na hakika Mama Bajia alikuwa wa dini gani. Waislamu wa mtaa, waliomwona kila Ijumaa amevaa nyeupe kuanzia kilemba hadi viatu, walimhesabu kuwa mwenzao, mpaka walipomwona Jumamosi ameketi mbele ya mlango wake na chupa ya bia, ametulia, hana wasiwasi na mtu. Wakristo nao walidhani ni wa yale makanisa ya ngoma yaliyojaa Kisumu, maana yeye pia alikuwa na ngoma ndani. Walipomuuliza Jumapili husali wapi, alijibu kwamba Jumapili hufua. Mzee Juma, fundi viatu aliyekaa mwisho wa laini yetu, ndiye aliyekata shauri. Alisema huyu mama ni Mbrazili, Brazil ni mbali, na bila shaka huko wana utaratibu wao.

Mimi nilikaa nyumba iliyoelekeana na yake, katika zile nyumba za kaunsili zenye mlango mmoja mbele na mwingine nyuma. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mke wangu, Rose, alikuwa rafiki yake kabla yangu, na mengi ninayoyajua niliyapata kupitia ukuta wa jikoni kwetu, wao wakizungumza.

Alikuja Kisumu na mumewe, Mjaluo wa Uyoma aliyekuwa fundi wa mitambo ya meli, na ambaye katika safari zake za baharini alifika mji wa kwao mama huyu, akaugua, akauguzwa na akaoa. Mume alikuwa mtu wa maneno machache. Kwa hiyo Kiswahili kingi mama alikiokota sokoni, na hata alipokuwa akikusalimia ilionekana kama anakataa bei. Ngeli hakuwa nazo kabisa. Kila kitu kilikuwa "yangu" na "hii". Mume alipofariki, katikati ya miaka ya themanini, watu wa Uyoma walitarajia atabaki nao baada ya mazishi. Alizika, akakaa matanga, akapika, akalia kwa sauti kuliko wote, kisha akapanda gari kurudi Kaloleni. Shemeji yake alikuwa akija mara kwa mara kumwomba aende nyumbani. Mama alimpa chai na bajia na kumwambia, "Kichwa yangu haitaki."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake makubwa. Mwanzoni tulidhani anaumwa kichwa. Baadaye Rose akanieleza kwamba katika dini yao kila mtu ana mwenyewe anayemtawala kichwa, na huyo mwenyewe ana anavyopenda na anavyokataa. Wa kwake alikuwa Yemanja, mama wa maji. Kichwa chake kilikataa samaki wasio na magamba, ndiyo maana hakuwahi kuonja kamongo wala mumi, ingawa alikaa mji ambao wote wawili wanapatikana kila kona. Kilikataa pia viazi vitamu, wageni wa asubuhi mno, na mahubiri ya vipaza sauti. Rose alishuku kwamba si yote hayo yalitoka kwa Yemanja.

Bajia zake zilikuwa za kunde, zilizosagwa kwa mkono na kupigwa mwiko mpaka zikawa nyepesi. Kwao, alisema, hukaangwa kwa mawese, na bila mawese si chakula bali ni mazoea. Yeyote aliyesikika akisafiri kwenda upande wa Zaire aliombwa amletee. Wengi waliahidi. Kwa hiyo alikaanga kwa mafuta ya duka miaka yote, akituuzia kitu ambacho yeye mwenyewe alikidharau, na sisi tulikipenda kiasi cha kumkasirisha.

Alikuwa mkali. Mteja akishika bajia akairudisha, alipewa ile ile na kufukuzwa. Lakini hakulala na hasira na mtu. Hakujua kuomba radhi kwa mdomo. Ukiona sahani imefunikwa kwa kitambaa imewekwa mlangoni pako, ujue jana alikukosea. Kuna watu waliomchokoza kwa sababu hiyo.

Ngoma yake aliipiga mara chache, kwa vidole, mlango ukiwa umefungwa. Kanisa la ngoma lililokuwa karibu lilimwalika mara moja. Alikwenda amevaa vizuri, akasimama karibu na mpigaji, akasikiliza kidogo, kisha akamshika mkono na kumwonyesha alipokosea. Mchungaji alimshukuru kwa kuja. Hakualikwa tena, ingawa mpigaji yule alikuja nyumbani kwake mara kadhaa, kwa mlango wa nyuma.

Na kila mwaka, mwanzoni mwa Februari, alikwenda ziwani. Alikusanya maua kwa majirani, zaidi yale mekundu na ya zambarau yanayotambaa kwenye ua, akaongeza chanuo na sabuni mpya ya kunukia, akavaa nyeupe na mikufu ya shanga za buluu, akashuka mpaka kwenye maji. Hapo alipiga magoti, akaongea kwa lugha ambayo hata wenye Kireno, alisema, hawaielewi, akavitupa vyote. Wavuvi walimwacha. Mzee mmoja alituambia bibi yake naye alikuwa na juogi, hao pepo wa ziwa, na alikuwa akiwapa mayai. Kwa hiyo jambo lenyewe halikushangaza sana. Kilichowashangaza ni kwamba mtu aliyeheshimu maji namna hiyo alichemsha ya kunywa mara mbili.

Mambo yakawa hivyo kwa miaka, mpaka magugu maji yalipoingia.

Yalianza kama vikundi vidogo vya kijani, vikielea, vyenye maua ya zambarau mazuri sana. Watu wa mji walitembea mpaka ziwani kuyatazama. Baada ya muda hayakuwa mazuri tena. Yalifunga ghuba kama shamba. Mashua zilikwama ndani yake, nyavu zilipotea chini yake, na nyoka walipata pa kukaa.

Aliyeumia zaidi katika laini yetu alikuwa mama tuliyemwita Nyar Usenge, kwa kuwa alizaliwa Usenge na huko ndiko alikonunua omena, dagaa wa ziwa letu. Mlango wake ulipakana na wa Mama Bajia. Alikuwa mjane kama yeye, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo, na watoto watatu waliosoma kwa omena hao. Alikuwa akienda Usenge, anakaa pale mchangani wakati omena wakikauka, anarudi na magunia. Sasa alikwenda akakaa pale pale mchangani akitazama mashua zikishindwa kufika. Mwanawe mkubwa alirudishwa nyumbani kutoka sekondari.

Siku moja afisa wa uvuvi alifika Usenge kuwaelimisha watu. Alieleza kwamba mmea huo si wa hapa, asili yake ni mito ya Brazil, na ulienea duniani kwa sababu watu waliupenda kwa maua yake. Alisema mengine mengi, lakini Nyar Usenge alikuwa amekwisha kusikia maneno mawili aliyoyahitaji. Alirudi Kaloleni na gunia tupu, akasimama kwenye bomba la maji, akawauliza wenzake: ni nani hapa anatoka Brazil, na ni nani kila mwaka anatupa maua ziwani?

Hakuna aliyemtukana Mama Bajia. Watu wa Kaloleni walikuwa na adabu. Waliacha tu kununua. Asubuhi walipita mbele ya karai lake wakitazama mbele, kama watu wanaochelewa kazini, hata wale ambao hawakuwa na kazi. Kwenye bomba, alipofika, mazungumzo yalihamia kwenye hali ya hewa. Rose alikasirika akanunua bajia za kutosha kila mtu aliyekuwa haji, na nyumbani kwangu tulizila asubuhi na jioni mpaka nikaanza kuwaelewa majirani. Kisha mzee wa mtaa akatangaza mkutano wa Jumamosi, wa kujadili, kwa maneno yake, usafi wa ziwa. Tulijua maana yake. Nyumba ile ya kaunsili bado ilikuwa na jina la mume, na mtaa ukimkataa mjane, si kazi ngumu kumtoa.

Mama Bajia aliendelea kukaanga kiasi kile kile, na jioni alikula bajia alizozidharau, peke yake.

Ilikuwa katika wiki hiyo hiyo mgeni alipowasili kwa treni ya Nairobi. Alikuwa msichana Mbrazili, jina lake Marlene, mwenye miwani na mkoba mzito. Alisoma chuo kikuu kwao na alikuwa akifanya utafiti kuhusu watu wa dini ile: je, wanaishi vizuri? Wanasaidiana? Wana raha kuliko wengine au ni sawa tu? Katika nyumba moja ya ibada, ambayo Mama Bajia aliingizwa humo akiwa kijana, alikuwa ameambiwa kwamba binti mmoja wa nyumba hiyo aliolewa mbali, mahali panapoitwa Kisumu. Alikuwa amekuja Nairobi kwa mkutano, akaona asipopita hapa atalaumiwa.

Mama Bajia alipomfungulia mlango na kusikia salamu ya kwao, alikaa chini pale pale kizingitini. Hatukuwahi kumwona hivyo. Msichana naye akakaa. Waliimba kidogo, walilia kidogo, kisha Mama Bajia akaingia ndani kumtafutia chakula na kumgombeza kwa kukonda.

Kesho yake kazi ilianza, na ikakwama. Utafiti ulikuwa wa kupima hali ya jumuiya, na jumuiya hapa ilikuwa mtu mmoja. Marlene alimwuliza nyumba yake ina watu wangapi. Mama akanyoosha mwiko kuelekea kwenye laini yote, kutoka kwa Mzee Juma hadi bombani. Marlene akauliza wangapi kati yao ni waumini. Mama akasema hilo ni swali lingine.

Basi ikaamuliwa majirani waulizwe. Marlene alikuwa na Kiingereza, mimi nikafanywa mkalimani. Tuliweka viti mbele ya mlango wa Mama Bajia, naye akaendelea kukaanga hatua chache nyuma yetu, mgongo umetugeukia. Nilimshauri Marlene kwamba wiki hiyo haikuwa nzuri kwa maswali. Alijibu kwamba tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya Jumapili.

Swali la kwanza lilikuwa picha ya ngazi. Mtu aliambiwa kidato cha chini kabisa ni maisha mabaya kuliko yote, cha juu ni mazuri kuliko yote, aonyeshe alipo. Mzee Juma aliuliza kama kuna wanaorudia kidato, kisha akajiweka katikati, akisema kwenda juu ni kujisifu na kwenda chini ni kumlalamikia Mungu. Mpiga ngoma wa kanisa alijiweka juu kabisa, kwa sababu mchungaji alikuwa akipita. Mama mmoja alitaka kujua kama walio juu watapewa msaada au walio chini, ili asikosee. Nilitafsiri yote. Marlene aliandika kwa uaminifu.

Nyar Usenge hakuitwa. Alikuja mwenyewe, na kiti chake. Aliitazama ile ngazi kwa muda, akaweka kidole chini ya kidato cha mwisho, kwenye karatasi tupu.

Niliulizwa nimwulize sababu.

"Mwambie niko hapa kwa ajili ya huyu mama yake," alisema, bila kupunguza sauti. "Ametupa maua ya kwao kwa nam yetu, kwa ziwa. Mashua haipiti. Mtoto wangu amekaa nyumbani."

Nilitafsiri. Nyuma yetu mwiko ulisimama. Marlene alishusha kalamu, akaangalia karatasi yake, na kwa sababu hakujua la kufanya akasoma swali lililofuata, kama wanavyofundishwa. Lilikuwa hivi: jirani huyu akiugua asiweze kuinuka kitandani, ni nani atakayemsaidia? Mimi niliona afadhali turuke hilo. Lakini Nyar Usenge alikuwa akinitazama, nikauliza.

"Ni mimi," alisema. "Nani mwingine? Hata akikohoa nasikia."

Nilimwomba arudie. Akadhani sikuelewa, akaeleza taratibu, kama kwa mtoto wa shule. Mlango wake ndio ulio karibu. Mama huyu hana binti, hana dada. Nani atamwogesha, Mzee Juma? Mwaka ule alipopata malaria, nani alimpikia uji? Na yeye Nyar Usenge alipozaa yule wa mwisho mvua ikinyesha, nani alishika mtoto? Hayo si mambo ya kuuliza mtu mzima.

Marlene, nilipomaliza kutafsiri, aliuliza kama basi ameacha kuamini habari ya maua.

"Nani ameacha?" akasema Nyar Usenge. "Maua ni yake."

Nilitazama nyuma. Mama Bajia alikuwa amegeuka. Alimtazama jirani yake, kisha akarudi kwenye karai kwa sababu bajia zilikuwa zinaungua. Marlene aliniuliza jibu hilo aliweke wapi, kwenye kuaminiana au kutoaminiana. Nilimwambia mimi ni mkalimani tu.

Mkutano wa Jumamosi ulifanyika kwenye uwanja wa mtaa. Mzee wa mtaa alizungumza kirefu kuhusu usafi. Vijana wawili watatu, ambao hawajawahi kuvua hata dagaa, walisema mchawi aondoke. Mimi nilisimama nikaeleza kwamba maua ya kwenye nyua zetu si mmea ule, na kwamba magugu hayo yaliingia ziwani kwa mito ya mbali. Walinisikiliza kama watoto wanavyosikiliza somo la mwisho la Ijumaa. Kisha mzee wa mtaa akamgeukia Nyar Usenge, kama mwenye kesi, akamwuliza anataka nini. Je, huyu mama atolewe?

"Atolewe aende wapi?" alisema Nyar Usenge. "Aache tu kutupa maua."

Watu waligeuka kumtazama Mama Bajia. Alikuwa amevaa nyeupe, ingawa haikuwa Ijumaa. Tulingoja aseme kichwa chake hakitaki. Mimi na Rose tulijua anaombwa kitu gani. Ilikuwa siku yake moja ya mwaka, na kwao, Marlene alituambia baadaye, mji mzima hushuka pwani na maua siku hiyo. Mzee wa mtaa akaanza kukohoa.

"Nitawacha," alisema. "Lakini kwa maji nitaenda."

Mzee wa mtaa akauliza kama kuna anayepinga. Hakukuwa na anayepinga, ila vijana wale, na jua lilikuwa kali. Kesho yake asubuhi kulikuwa na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa mlangoni kwa Nyar Usenge. Yeye hakuwa amekosewa jana, alisema, lakini aliila. Wateja walirudi mmoja mmoja, wakisema walikuwa na shida ya tumbo.

Februari iliyofuata Mama Bajia alishuka ziwani, na Nyar Usenge akamfuata ili ahakikishe. Rose alikwenda nao. Aliniambia kwamba ukingoni magugu yalikuwa mazito, maji hayakuonekana, ila maua ya zambarau mpaka macho yanapoishia. Mama Bajia alipiga magoti kwenye matope. Alitaka kumwaga manukato aliyoyaleta badala ya maua, hakupata pa kuyamwagia. Nyar Usenge alimwona anahangaika, akapandisha leso yake kiunoni, akaingia, akang'oa magugu kwa mikono mpaka pakapatikana mahali pa wazi, kama beseni. Manukato yakamwagwa hapo. Nyar Usenge alisema ni ufujaji wa kitu kizuri, akapewa yaliyobaki kwenye chupa. Walirudi nyumbani wananukia na matope mpaka magotini.

Habari za utafiti zilikuja baada ya mwaka au zaidi. Marlene aliandika kwamba walimu wake waliiondoa Kisumu katika hesabu, kwa kuwa nyumba ya mwumini mmoja si jumuiya. Aliomba radhi. Mama Bajia alimweleza Rose habari hiyo akiwa anapepeta kunde, akasema walimu hao wana shule nyingi kichwani. Siku hiyo hakukaanga. Tulimwona ameketi ndani, mlango wazi, ngoma iko mapajani, haipigwi.

Mwishoni mwa miaka ya tisini alikubali kwenda Uyoma. Magoti yalikuwa yamechoka, na shemeji alikuwa amejenga nyumba ya bati. Mimi nami nilihamishiwa shule moja upande wa Mbita, na katika mwaka wangu wa kwanza huko Rose aliugua, akafariki. Tulimzika kwetu. Nilirudi kazini baada ya likizo, nikawa mtu wa kusahihisha madaftari.

Nilimkuta Mama Bajia Luanda Kotieno, kivuko cha upande wa Uyoma. Nilikuwa nasubiri feri ya kuvuka, mkoba begani, nikasikia mtu akigombana na mteja. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya turubai, amezeeka, karai mbele yake. Alinitazama kutoka miguuni kwenda juu. Nilijiandaa kwa yale maneno ambayo watu huwaambia wafiwa, na majibu nilikuwa nayo tayari. Hakuyasema. Alikwisha kusikia, hilo lilionekana.

"Mwalimu," alisema. "Unakula na nani?"

Nilimwambia nakula vizuri tu, kuna hoteli karibu na shule.

"Sijauliza kama unakula."

Feri ilikuwa ikikaribia. Watu walisimama na mizigo yao. Nilimwambia kwamba nakula peke yangu, nimesimama, kwenye dirisha la jikoni, na kwamba sijamwambia mtu. Sijui kwa nini nililitamka. Alitikisa kichwa, si kwa huruma, bali kama fundi aliyepata panapovuja. Akauvuta mkoba wangu kutoka begani, akausukuma chini ya meza nyuma yake, akamwita mke wa shemeji yake kwa Kidholuo alete sahani nyingine, na kigoda.

Nilimkumbusha kwamba nina vipindi vya alasiri. Akaniambia watoto watafurahi. Akanipa kisu na bakuli la vitunguu. Feri ikapiga honi, ikajaa, ikaondoka. Mama Bajia aliinama akatazama ndani ya bakuli, akasema vipande vyangu ni vikubwa, nikate vidogo zaidi.